Mupira wa Soixante

Butembo, tarehe 24 mwezi wa 4, 2023

Mudogo wangu Kavuo,

Usishangae kupata karatasi wakati simu iko. Simu yako inasemaka tu ku haut-parleur, kwa sauti ya batu wote, na Papa anakaa pembeni yake tangu asubuhi mpaka mangaribi. Kila kintu ninakuambia, yeye anakisikia mbele yako. Donc mambo yake tuandikiane. Chauffeur Mathe atabeba barua kila akishuka Beni. Umungojee ku parking, hapana kumuacha afike nyumbani, yule hajue kunyamaza.

Ile Play niliwatumia ya kuchezea ku télé, najua CD yake haiko ya foot. Ilikuja hivyo mu kontena na muuzaji hakukuwa na ingine. Ni baseball. Mumoja anatupa mupira, mwengine anaupiga na fimbo, akiupiga anakimbia. Ni hivyo tu. Nilikamata mbili, moja yenu, moja yetu, kusudi nijaribu hapa kabla Papa hajajaribu kule. Kiné, yule wa kumunyoosha viungo, alisema mukono wa kuume utaamka kama unapewa kazi kila siku, na Papa anakataa kufinya kale kampira kalaini ka mousse, anasema ni ka batoto. Manette, ile ya kushika na mikono, ataikubali, iko na maboutons kama tableau ya gari.

Ndani ya muchezo kuko ukurasa wenye mistari ya kusukuma, toka 0 mpaka 10. Maandiko yote ni Kingereza. Siku ya Mungu kisha misa, mimi na muke wangu Jemima tulikaa tukasukuma mustari mumoja mumoja, tuone nini inabadilika. Tumeipa majina yetu. Wa kwanza ni accélérateur, ndiyo spidi ya mupira. Wa pili ni musaada: ukiupandisha, fimbo inajitafutia mupira yenyewe, ata kama umechelewa kufinya. Wa tatu sijue bado. Jemima aliusukuma mpaka mwisho, hatukuona kintu, tukaurudisha.

Kila mupira ukitupwa, spidi yake inaandikwa chini ya écran ya télé. Tuliweka accélérateur ku 5, ikaandika soixante, 60 na kitu. Weka hapo. Musaada weka 2. Hapana kubadilisha, unanisikia? Uniandikie tu anapiga ngapi.

Papa bado anauliza funguo ya Fuso, lori yake? Hapa iko mu parcelle, ku uwanja wa nyumba, tangu ile siku AVC ilimukamata, mukono ukapooza. Kuku zinalala chini yake.

Yaya yako,
Éliakim


Beni, tarehe 28 mwezi wa 4, 2023

Yaya Éliakim,

Anauliza! Asubuhi mbele ya chai anauliza funguo, mangaribi anauliza tena. Kiné naye anaulizwa. Juzi alimuambia Papa avumilie, Papa akamujibu: "Wewe uliwahi kuona chauffeur anavumilia ndani ya nyumba?"

Na Play, siku ya kwanza alisema hii si kazi ya mutu muzima. Kisha muchezo ukaomba majina ya wachezaji tisa. Kulikuwa majina ya wazungu, akayafuta yote, akatuandika sisi batoto yake na yeye mwenyewe. Yeye wa kwanza, kisha Mumbere, Kambale, wewe Kasereka, Kakule, kisha sisi wasichana bane, mimi Kavuo wa mwisho. Nilimuambia: Papa, hapa pengine banaweka wenye nguvu mbele. Akaniangalia. "Mukubwa anatangulia. Hii nyumba hakunaka ubishi juu ya hiyo." Bon. Muchezo ukijicheza wenyewe kutuonyesha, Mumbere wa ndani ya écran ni munene, hajue kukimbia, na sheria inakataza wa nyuma kumupita. Tunasimama sisi wote nyuma yake kama magari ku barrière ya barabara. Papa anasema ndiyo heshima. Ata mu muchezo, yaya, mimi ndiye wa mwisho kula.

Lakini kupiga, hapige. Niliweka mistari vile uliandika. Mupira unafika, unapita, ndiyo mukono wake unaamka. Hapige ata mumoja. Leo alirusha manette, ikagonga ukuta. Haikuvunjika. Kisha akachukua kile kitambaa chake cha misa, akajifunika uso, akasema macho yanamuuma. Macho hayakumuuma, yaya. Nilikaa ku jikoni mpaka alipomaliza.

Siwezi kupunguza accélérateur kidogo?

Kavuo


Butembo, tarehe 5 mwezi wa 5, 2023

Mudogo wangu,

Hapana. Hapana kupunguza.

Usifikiri ninakaa hapa bila kufanya kintu. Nilijifunga kilo moja ya chumvi ku mukono wa kuume, na kitambaa cha Jemima, nisikie vile Papa anasikia. Jemima alicheka mpaka akashika tumbo, nikamuambia aache, mutoto wangu ataamka ndani. Nikacheza hivyo. Siku ya kwanza nilikosa yote. Siku ya pili nikaanza kupata mumoja mumoja. Siku hizi ninapiga nusu, na chumvi yangu ku mukono. Donc inawezekana. Inaomba muda tu na inaomba wewe usiwe na huruma ya bure.

Juu ya nini 60, hapana kuniuliza. Niko na sababu.

Mustari wa tatu tumeuelewa: ni makelele ya batu mu uwanja. Télé yetu ilikuwa na sauti chini, ndiyo maana hatukusikia. Uupandishe ku 10, Papa anapendaka kelele, ni mutu wa parking. Wa ine ni mwangaza, jua ama mawingu. Uweke jua.

Siku atapiga nusu, uniandikie palepale.

Éliakim


Beni, tarehe 14 mwezi wa 5, 2023

Yaya,

Amepiga!

Nilikuwa ninachagua maharagi, nikasikia uwanja umelipuka (kelele iko ku 10 vile uliandika), nikakimbia, ninakuta Papa amesimama. Amesimama, yaya, bila fimbo yake ya kutembelea. Mupira umeenda mbali, Mumbere mwenyewe amekimbia na tumbo yake yote mpaka nyumbani, pale alianzia. Papa alisema: "Umeona? Umeona?" Nilipiga makofi mpaka maharagi ikaanguka chini. Jirani walikuja kuona kama kuko matanga ama ndoa.

Sasa anapiga kila siku. Ku kumi anapiga sita, saa ingine saba. Anakula vizuri. Leo kwenda misa alifunga maboutons ya shati peke yake, ile ya juu tu ilimushinda, nikamufungia. Kiné alimukamatisha kikombe na mukono wa kuume, akakunywa bila kumwaga. Hiyo si muchezo, niliona na macho yangu.

Mistari iko palepale, usiwaze.

Musalimie mulamu Jemima na tumbo yake.

Kavuo


Butembo, tarehe 17 mwezi wa 5, 2023

Mudogo wangu Kavuo,

Wasingya, asante. Wasingya sana. Nilisoma barua yako ku magasin mbele ya ba clients, nikashindwa kujificha.

Sasa ninaweza kukuambia juu ya nini 60. Fuso yetu, ikiwa na muzigo, haipitishake 60. Papa alitufundisha hivyo tangu utoto, mutelemuko wa Kalunguta ama tambarare, 60 ni mwisho. Nikajiambia: mutu anaona kintu kinamujia na 60, na mukono wake unawahi kukipata, huyo anaweza kukamata volant, usukani wa gari. Ikitokea mbuzi mu barabara ama motard mulevi na pikipiki yake, atawahi. Ndiyo examen yangu. Na Papa ameishinda, sita ku kumi!

Unajua hali ya hapa. Biazi ya Alimbongo inaoza ku barabara kwa kukosa gari, wakati gari yetu inakaa. Mimi sijue kuendesha, nilizaliwa na woga wa ile kintu. Kumupa mugeni gari ya Papa, Papa angali muzima, ingemuua kuliko AVC.

Donc nitakuja siku ya posho, Jumamosi tarehe 27. Mathe ataleta Fuso mpaka kwako, kisha atarudi zake na taxi. Kurudi Butembo, Papa ataendesha. Jemima na mimi tutakaa pembeni yake mu cabine. Jemima anataka Papa abariki tumbo, na anataka arudi na yeye.

Hapana kumuambia. Nataka nione uso wake nikitoa funguo mu mufuko.

Éliakim


Beni, tarehe 20 mwezi wa 5, 2023

Yaya Éliakim,

Usilete gari.

Kiné hajatoa ruhusa. Tena mvua ya huku inanyesha kila siku, barabara imekuwa matope. Tena juzi kulikuwa habari mbaya upande wa Kalunguta, batu bamekimbia mashamba. Tena Papa anakohoa.

Tungojee mwezi wa saba. Ama wa nane. Nakuomba sana.

Kavuo


Butembo, tarehe 23 mwezi wa 5, 2023

Kavuo,

Nilisoma barua yako mara mbili, sijaelewa. Mvua iko tangu Nowa. Habari ya barabara Mathe anaijua kuliko wewe, anapita pale kila juma. Kikohozi, mutu hakohoe na miguu.

Nitakuambia mimi ninachofikiri, na usikasirike. Tangu Papa aje kwako, nyumba yako iko na sauti ya mutu. Ukirudi toka masomo unakuta mutu wa kukuuliza umechelewa wapi. Ninaelewa. Lakini Papa haiko wako peke yako. Alikuja Beni kupona, amepona, arudi kwake, aendeshe gari yake. Unataka akae hapo akicheza Play mpaka kufa, kusudi upate kupiga makofi?

Ninakuja. Mathe akipata nafasi mapema, nitakuja mbele ya posho.

Éliakim


Beni, tarehe 26 mwezi wa 5, 2023, ku masomo

Yaya,

Ninaandika saa ya récréation, batoto ninafundisha bako inje, banapiga kelele ku dirisha. Motard mumoja anapanda Butembo saa hii, nimemuomba aitie chini ya mulango wako kama haumo. Simu siweze, imebaki nyumbani pembeni ya Papa, angesikia yote.

Accélérateur haiko ku 5. Iko ku 2. Musaada haiko 2, iko 9. Écran inaandika 40, saa ingine 38. Ndiyo ile anapiga sita ku kumi. Ukimuweka ku 60, Papa hapige kintu.

Nilipunguza ile jioni ya kitambaa cha misa. Kidogo kwanza, kesho yake kidogo tena. Mara ya kwanza alipopiga, uso wake ulikuwa ule wa zamani, wa kurudi toka safari na mukate. Ungekuwa wewe ungerudisha? Sema kweli.

Uliniambia weka 60, uliniambia hapana kuuliza. Sikujua unatafuta chauffeur. Nilifikiri tunatafuta Papa acheke.

Vile uliandika juu ya nyumba yangu, iliniuma. Iliniuma juu iko na ukweli kidogo. Lakini hiyo si sababu ya mimi kukuzuia.

Hapana kumupatia funguo. Jemima hapana kupanda ile gari kama Papa ndiye ku volant. Kuko ninyi mu cabine, kuko batu ku barabara, kuko ule mutelemuko. Unichukie mimi, ni sawa, lakini funguo ibaki mu mufuko wako.

Kavuo


Butembo, tarehe 28 mwezi wa 5, 2023

Kavuo,

Barua yako niliikuta chini ya mulango, tukirudi toka kwako. Wewe ulikuwa unaandika ku masomo na mimi nilikuwa mu parcelle yako. Mathe alipata nafasi, nikawahi siku moja. Niliuliza wapi Kavuo, Papa akasema masomo.

Nikuambie vile ilikuwa, juu pengine yeye hakukuambia.

Nilimupa funguo mbele ya jirani wote. Aliikamata na mukono wa kuume, akaigeuza geuza. Mimi na Mathe tulimusaidia kupanda. Akakaa. Akarekebisha kioo cha rétroviseur. Akafuta volant na kitambaa chake, ile ya misa. Akawasha. Moteur ikakamata palepale, yeye akafunga macho, akasikiliza. Jirani bakapiga vigelegele. Nikasema: Jemima, panda, tuende. Jemima akatia muguu ku ngazi.

Papa akazima.

Akatoa funguo, akamutupia Mathe. "Panda wewe." Nikauliza: Papa, nini? Akasema: "Nimesema Mathe apande." Akashuka, akabariki tumbo ya Jemima, akaingia ndani. Mbele ya batu wote! Nilikasirika, sikungojea urudi. Nilifikiri ni woga, nikamuona Papa amezeeka. Ndiyo nilifikiri hivyo, juu ya Papa yangu.

Kisha ninafungua mulango, ninakuta karatasi yako.

Kavuo, 40! Tulipofika ku mutelemuko wa Kalunguta, lori ilikuwa imelala katikati ya barabara kisha kona. Mathe alikanyaga frein, gari ikasimama palepale, Jemima akagonga paji la uso, basi. Mathe mwenye mikono miwili mizima. Tangu juzi ninaona ile kona. Ninamuona Papa ku kile kiti.

Nimekukasirikia sana, sitaficha. Na mimi mwenyewe nimejikasirikia. Ningekuambia toka mwanzo ninapima nini. Na yale niliandika juu ya nyumba yako, uyafute.

Lakini kuko kintu kimoja sielewi. Kama Papa alifikiri anapiga sita ku kumi, juu ya nini alizima?

Éliakim


Beni, tarehe 3 mwezi wa 6, 2023

Mwanangu Kasereka Éliakim,

Barua hii ninaiandika mimi, na mukono wa kuume. Niliianza juzi. Ukiona herufi zinapanda mulima, uvumilie.

Barua yako ilifika, Kavuo akaisoma kimya, uso ukabadilika. Nikamuambia asome kwa sauti. Alikataa. Nikamuambia mimi ni Papa yake ama mugeni? Akasoma. Kisha akaleta na zingine zote. Kumbe mulikuwa munaniandika hivyo, na mimi ninangojea simu!

Musigombane juu yangu. Sikilizeni.

Mimi nimeendesha gari tangu mukiwa hamujazaliwa. Mahali popote kuko namba ya spidi, jicho langu linaenda hapo lenyewe, siliombe ruhusa. Siku za kwanza ile écran ilikuwa inaandika 60 na kitu, na mimi ninakosa. Kesho yake ikaandika 52. Kesho ingine 40. Mupira hauchoke. Nikajua mutu amekanyaga frein, na katika hii nyumba tuko babili tu.

Sikusema. Kavuo alikuwa anapiga makofi, sufuria inaungua ku moto na yeye anapiga makofi. Tangu bwana yake amuache sijamusikia akicheka vile. Nikajiambia, na huyu pia yuko mugonjwa, acha apate dawa yake.

Lakini asubuhi akienda masomo, ninarudisha mustari ku 5. Ule wa musaada ninautia 0. Ninacheza peke yangu. Ninakosa, ninakosa, ninakosa. Mbele ya yeye kurudi, ninarudisha vile aliacha.

Donc ulipokuja na funguo, mimi nilikuwa tayari na jibu. Ningeweza kukataa palepale chini. Nilipanda juu nilitaka kusikia moteur. Nilijua ni mara ya mwisho kuisikia toka kile kiti, ndiyo maana nilifunga macho. Nisamehe, jirani bakafikiri ni furaha. Kwa dakika moja nikasema pengine itawezekana, polepole, na 30. Kisha Jemima akatia muguu ku ngazi na tumbo yake, nikazima.

Haikuwa woga. Woga ningejua.

Fuso umupe Mathe. Anapiga honi kupita kiasi, na kitambaa chake cha mafuta kinanuka, lakini frein anaijua. Muambie mutelemuko wa Kalunguta, gia, vitesse ya pili, asijidanganye na ya tatu. Biazi iende. Na utoe kuku zako chini ya gari yangu, zinaharibu matairi.

Hapa tumebadilisha. Accélérateur iko ku 5, mchana, mbele ya Kavuo. Musaada 0. Amekatazwa kugusa, na amekatazwa kupiga makofi mpaka mupira upite mustari mweupe wa uwanja.

Na majina nimeyapanga upya. Kavuo ametangulia. Mumbere atakasirika, akasirike. Kisha Mumbere, Kambale, wewe, na wengine. Mimi nimejiweka wa tisa. Kavuo alilia, akasema Papa hawezi kukaa nyuma ya batoto. Nikamuambia hapa wa tisa akimaliza, zamu inarudi kwa wa kwanza.

Jana nilikosa yote. Leo asubuhi nilipata mumoja. Haukuenda mbali, wale wa upande ingine walinikamata kabla sijafika. Écran iliandika 63.

Papa yenu,
Syauswa Zacharie